Gari la umeme limefika nyumbani, utalichomeka wapi?

Harufu ndiyo iliyotutoa ndani. Ilikuwa saa tano usiku, Mbezi Beach, Dar es Salaam, na harufu ya plastiki inayoungua ilikuwa imeruka ukuta kutoka kwa jirani hadi barazani kwetu. Nilipofika nilimkuta mwalimu, jirani yangu, amesimama na mwanawe chini ya taa ya nje, wakiitazama plagi iliyoyeyuka upande mmoja kama mshumaa. Nissan Leaf lake jeupe limetulia uani, halina habari.

Gari lile lilikuwa limeshuka bandarini wiki mbili kabla. Ndani ya buti lilikuja na kebo yake ya Japani, ambayo plagi yake haiingii katika soketi yoyote ya kwetu. Fundi wa mtaani aliitazama, akaikata kichwa, akafunga plagi yetu ya miguu mitatu, kisha akaiunganisha na ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake na kupitishwa dirishani. Kwa siku mbili kila mtu alimsifu. Siku ya tatu ndiyo hiyo harufu.

Kosa lenyewe ni la hesabu, tena hesabu fupi. Kebo ile imetengenezwa kupitisha ampea 15 kwa saa nyingi mfululizo, na plagi yetu ina fyuzi ya ampea 13. Watu wengi hudhani fyuzi ingekatika papo hapo. Haikatiki. Kwa ampea 15 fyuzi hiyo huvumilia, huku ikichemka. Pasi nayo huvuta umeme mwingi, lakini huwaka na kuzima, na ukimaliza mashati unaichomoa. Gari linanyonya usiku kucha bila kupumua. Halafu waya ulioviringishwa hauna pa kutolea joto lake. Na joto halipandi sambamba na umeme: ukiongeza ampea mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne.

Asubuhi mwalimu alikuja na karatasi ya bei kutoka duka moja la mjini. Walikuwa wamemshauri anunue kisanduku cha kufunga ukutani cha kilowati 22, "kikubwa kabisa, mama, gari lijae haraka." Bei yake ilitosha kumlipia mtoto ada ya mwaka mzima. Akaniuliza kama anunue au aache. Nikamwambia twende kwanza tukatazame gari.

Hapa ndipo wauzaji wanapopata mwanya, kwa sababu sote tunakiita kile kisanduku "chaja". Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Betri inahifadhi umeme wa mkondo mmoja, nyumba inaleta umeme wa mkondo geu, na mtambo wa kubadilisha kimoja kuwa kingine umefungwa kiwandani chini ya boneti. Kisanduku cha ukutani ni swichi yenye adabu: huongea na gari, hulieleza kuna ampea ngapi, huhakikisha ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, ipo, kisha hufungua njia. Kwa hiyo kasi haiamuliwi na ukuta peke yake. Leaf nyingi zilizouzwa Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, baadhi zina ya 6. Ukiifungia Leaf ya kilowati 3 kisanduku cha 22, itavuta 3 zile zile. Tena kilowati 22 zinahitaji fezi tatu, na nyumba ya mwalimu, kama nyumba nyingi za mtaa wetu, inalishwa na fezi moja.

Kwa fezi moja, mwisho wa kawaida wa kisanduku ni ampea 32, yaani kilowati kama 7. Hizo si chache. Ni sawa na kuwasha viyoyozi vitano au sita kwa pamoja na kuviacha hadi alfajiri, katika nyumba ambayo tayari ina friji, pampu ya maji na hita ya bafuni. Majirani wa mwisho wa laini, ambako saa mbili usiku taa hufifia zenyewe, watazihisi.

Swali la kilomita

Nilimwuliza mwalimu anaendesha kiasi gani. Shule yake iko Upanga, kwenda na kurudi ni kilomita 40 hivi, na Jumapili kanisani. Gari kama lile hutumia uniti 15 hadi 18 kwa kilomita 100, kutegemea foleni na kiyoyozi. Ukijumlisha na kinachopotea njiani kama joto, siku yake moja ni uniti 7.

Sasa chukua kebo ya kubeba ya kawaida, ile inayochomekwa katika soketi na kuvuta ampea 10. Hiyo ni kilowati 2.3. Uniti 7 zinaingia kwa saa tatu tu. Akichomeka saa tatu usiku, saa sita gari limerudishiwa kila lilichotumia, na yeye bado ana saa tano za kulala. Usiku mzima wa saa nane ungempa umeme wa zaidi ya kilomita 100, ambazo yeye hazimalizi kwa siku mbili.

Ni kweli kwamba Leaf ya betri ya uniti 40, ikiwa tupu kabisa, itachukua saa 19 kwa njia hiyo. Lakini nani hurudi nyumbani na gari tupu kila siku? Dereva wa teksi, labda, au anayetoka Kibaha kila asubuhi na kuzunguka mji mzima. Huyo ana haki ya kisanduku cha ampea 32, mradi gari lake linaweza kuzipokea. Mwalimu hana haja nacho. Katikati yao kuna njia ninayoipenda kuliko zote na ambayo wauzaji hawaitaji, kwa sababu haina faida kubwa: soketi nzito ya bluu ya ampea 16, ile ya viwandani, yenye laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, na kebo ya kubeba ambayo mtu anaweza kuichagulia ampea. Umeme wa mtaa ukiwa dhaifu, unaiteremsha hadi 8. Ukihama nyumba, unaondoka na kebo yako.

Gharama nayo inafaa kuitazama. Kwa bei ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa wateja wengi wa kawaida uniti moja pamoja na kodi ni kama shilingi 356. Siku ya mwalimu inagharimu takriban shilingi 2,500. Gari la petroli la ukubwa ule lingekunywa lita tatu na ushee kwa kilomita 40, na kwa miezi mingi ya mwaka 2024 lita moja Dar es Salaam ilikuwa juu ya shilingi 3,000. Hata hivyo wapo watakaoshtuka: wale walio katika daraja la matumizi madogo, ambao hulipa bei ya chini kwa uniti 75 za mwezi. Gari moja linazimaliza kabla ya mwezi kufika katikati, na bei hiyo ya upole ndiyo inaagwa hapo.

Vipeperushi vya Ulaya vitakusifia kisanduku "chenye akili", kinachosubiri saa za umeme wa bei rahisi. Uingereza tangu Juni 2022 sheria inataka visanduku vipya vya nyumbani viwe hivyo. Kenya nayo mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa magari, shilingi 16 za Kenya kwa uniti kabla ya kodi, na 8 katika saa ambazo matumizi yako chini. Huko akili ya kisanduku inajilipa. Kwetu LUKU ya nyumbani haijui saa: uniti ya saa moja jioni na ya saa tisa usiku ni bei moja. Akili ninayoweza kuilipia hapa ni moja tu, ya kipimo kidogo kinachobanwa kwenye waya mkuu, ambacho kikiona hita na pampu zimewaka, kinalipunguzia gari umeme kabla breka kuu haijaanguka.

Kwa wanaochangia LUKU moja katika nyumba ya kupanga, sina ushauri wa kisanduku. Funga kwanza mita ndogo kwenye laini ya gari. Watu wameshagombana kwa sababu ya friji.

Suala la kichwa cha kebo ndilo hugeuka kichekesho katika nchi kama yetu, inayoagiza magari kutoka kila pembe. Leaf ya Japani ina tundu la duara la miguu mitano, linaloitwa Aina ya 1. Magari ya Ulaya, na yale ya Kichina yaliyotengenezwa kwa masoko ya nje kama BYD Atto 3, yana Aina ya 2, yenye miguu saba. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana kichwa cha GB/T, ambacho kwa macho ni Aina ya 2 kabisa, mpaka ujaribu kukichomeka ndipo ugundue dume na jike wamebadilishana upande. Ukinunua kisanduku chenye kebo iliyoshikamana nacho, umefunga ndoa na gari ulilonalo leo. Nunua chenye tundu wazi la Aina ya 2. Gari likibadilika, utabadilisha kebo tu, ukuta utabaki ulivyo. Na pima urefu kabla hujalipa: Leaf huchomekwa puani, magari mengine ubavuni nyuma, na ua wa mita sita una namna ya kuifanya kebo ya mita tano ionekane fupi.

Pwani ina ushuru wake pia. Kisanduku kilichoandikwa IP54 kinastahimili mvua ya kawaida, lakini masika yetu huja na upepo, na hewa ya chumvi hula skrubu kabla haijala kitu kingine. Mimi ningetafuta IP65 na kukiweka chini ya paa hata hivyo, upande usiopigwa na jua la alasiri.

Waya wa kijani

Mwalimu alikubali soketi ya ampea 16 na kebo mpya ya kubeba. Akaja fundi wa pili, kijana mpole, akavuta laini yake mpya, akaweka breka yake na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Nilimwomba asome maandishi madogo ya ile kebo mpya, kwa sababu gari la umeme linaweza kuvujisha mkondo mmoja, na mvujo wa namna hiyo hupofusha vifaa vya kawaida vya kukata. Kebo nzuri huandikwa kwamba inagundua mvujo huo ukifika miliampea 6. Ilikuwa imeandikwa. Akachomeka. Taa nyekundu ikaanza kumetameta.

"Mama, hii kebo ni mbovu," akasema. Akachomoa, akachomeka. Nyekundu. Kisha akainama kwenye soketi na kipande cha waya mkononi. "Hii kitu inalialia ethi tu. Naiunga ethi na nyutro hapa ndani, itanyamaza. Tunafanyaga hivyo."

Ni kweli wanafanyaga. Na taa ingegeuka kijani. Lakini siku waya wa nyutro utakapokatika huko nje, kwenye nguzo au ndani ya ukuta, umeme ungerudi kwa njia ya ethi na bodi nzima ya gari ingekuwa na volti 230, ikisubiri mtoto mwenye miguu mitupu na mkono wenye maji. Ile taa nyekundu ilikuwa chombo pekee katika nyumba ile kilichokuwa kinasema ukweli. Mwalimu alikuwa ameishi humo miaka kumi na mbili; friji, pasi na hita vyote vilifanya kazi bila kumwambia kwamba waya wake wa kijani na njano haukuwa umefika ardhini.

Nilimwuliza fundi nondo ya ethi iko wapi. Tukazunguka nyumba. Nyuma ya bafu tuliikuta, kipande cha chuma cha urefu wa mkono, kimeliwa na kutu, kimesimama katika mchanga mkavu, na waya wake umekatika siku nyingi. Mchanga wetu wa pwani haupitishi umeme vizuri ukikauka, kwa hiyo nondo fupi haifai kitu. Inabidi ishuke hadi kwenye unyevu, na baada ya hapo ipimwe kwa kipimo, si kwa macho. Nikamshauri mwalimu amwite mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kifaa cha kupimia. Kijana hakukasirika. Alisema naye angependa kuona kinavyotumika.

Jumamosi walikuja wote wawili, kijana na mwenye leseni, na nondo mbili ndefu za shaba. Walichimba pembeni ya mnazi, ambako mwalimu humwaga maji ya kufulia, wakazigongelea mpaka zikazama. Mwenye leseni akasoma kipimo chake, akatikisa kichwa, wakaongeza nondo ya tatu. Gharama ya kazi yote ile, shaba na waya na jasho, ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya kile kisanduku cha kilowati 22.

Magharibi ilipoingia mwalimu alichomeka mwenyewe. Taa ikawaka kijani, ikabaki kijani. Mwanawe akapiga makofi. Tukasimama pale tukilisikiliza gari likivuma polepole, na kabla hatujaaga, kule ndani mita ya LUKU ikaanza kulia: uniti zimebaki tano.