Mshipa Ukikakamaa, Figo Huumia

Mwaka 1836, Richard Bright wa hospitali ya Guy's jijini London alieleza kwamba wengi waliofariki kwa maradhi ya figo walikutwa na moyo uliotanuka. Kwake, figo ndizo zilizoanza. Miaka ya 1870, hospitalini hapohapo, Frederick Akbar Mahomed alitumia chombo cha kuchora mapigo ya mkononi, akakuta dalili za presha kwa watu ambao mkojo wao haukuwa na protini. Kwake, presha ilitangulia. Ubishi huo naona unatupotosha: figo na mishipa huumizana kwa zamu, na anayetibu presha bila kuvitazama vyote viwili anatibu nusu.

Aota iliyo laini hutanuka moyo unapopiga, kisha hujirudi na kuisukuma damu taratibu moyo unapopumzika. Ikikakamaa, namba ya juu ya presha hupanda, ya chini hubaki palepale au hushuka, na pigo hufika mbali likiwa na kishindo chake. Figo zinajitetea, lakini nafasi yake ni finyu: hazifiki asilimia 1 ya uzito wa mwili, ilhali hupokea takribani moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, hivyo mishipa yake haina budi kuwa wazi muda wote. Kishindo hupenya hadi kwenye vichujio, protini ikaanza kuvuja. Nazo figo zikidhoofika hubakiza chumvi mwilini na kuchochea homoni zinazobana mishipa na kuzidisha nyuzi ngumu kutani mwake. Baadaye fosfeti huzidi, kalsiamu ikajikusanya katika kuta za ateri, na seli za misuli zilizomo huanza kutenda kama seli za mifupa.

Wapo wanaosema ugumu huo wa mishipa ni uzee tu. Umri unachangia, sikatai. Lakini utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, ugumu wa aota ulitabiri vifo hata baada ya umri na presha kuzingatiwa. Na mwaka 2012, watafiti wa Framingham, Marekani, walikuta ugumu wa mishipa ukitangulia presha, si kinyume chake.

Pingamizi zito zaidi limetoka katika jaribio la SPRINT la mwaka 2015, lenye washiriki zaidi ya 9,300. Kushusha namba ya juu chini ya 120 kulipunguza maradhi ya moyo na mishipa kwa robo, lakini hakukuzikinga figo, na visa vya figo kuumia ghafla viliongezeka. Nionavyo, hilo haliangushi hoja. Dawa hushusha namba leo. Ukuta uliokakamaa kwa miaka haulainiki kwa kasi hiyo. Namba ya chini nayo ikishuka, figo iliyozoea msukumo mkubwa hukosa nguvu ya kuchuja. Ndiyo maana lengo la presha lisiwekwe bila kupima kreatinini, taka ya damuni inayochujwa na figo, na kurudia kipimo hicho.

Mashine za kupima kasi ya wimbi la mapigo, ambayo huonyesha ugumu wa aota, ni adimu katika kliniki za kawaida. Hata hivyo, kadi ya mgonjwa mwenye 160 kwa 70 tayari inaonyesha pengo la 90, na pengo pana hivyo kwa mtu mzima hudokeza aota ngumu. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe uwiano wa albumini (ile protini inayovuja) na kreatinini katika mkojo, maana kijiti cha kawaida hukosa uvujaji mdogo wa mwanzo, wakati ambapo dawa za kuzuia angiotensini bado zina figo ya kuokoa.