Fahamu: Wayahudi wa Mbale na furaha iliyorudi baada ya vita

Wazee wa Mwanza wanaikumbuka ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji wao Machi 1979, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama. Vita hivyo vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda iliyosaidiwa na Libya, viliacha misiba pande zote za Ziwa Victoria. Lakini mashariki mwa Uganda kuna watu ambao mwisho wa vita hivyo uliwarudishia ibada yao.

Ni Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa karibu na Mbale mwaka 1919 na Semei Kakungulu. Idi Amin alipotawala Uganda, aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, wengi wakahamia dini nyingine, na mia chache waliobaki wakasali kwa siri. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala na kumwangusha Amin Aprili 11, 1979. Jioni hiyohiyo iliingia Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukombolewa utumwani!

Hata hivyo, furaha haikurudi kwa siku moja. Miaka ya 1980 vijana walikusanyika kilimani Nabugoye wakaanza kufufua jamii, na kwa maoni yangu nyimbo ndizo zilizowashika pamoja: zaburi kwa Kiganda, kwa sauti za kwao wenyewe. Mmoja wao, Gershom Sizomu, akawa rabi mwaka 2008. Kabla ya hapo, mwaka 2004, wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo waliunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wakauza mavuno yao pamoja.