Tanzia Isiyo na Matanga: Mashabiki wa Mombasa Bara na Wasanii wa Sauti na Katuni

Mchoraji wa katuni na mtia sauti ni wasanii wanaopendwa bila kujulikana sura. Mtoto wa Mtongwe, Likoni, humtambua Goku wa katuni ya Dragon Ball kwa nywele zake akiwa mbali, na huijua sauti ya Mufasa wa The Lion King kabla simba mwenyewe hajatokea kwenye kioo. Lakini aliyemchora wa kwanza au aliyempa sauti wa pili akipita mbele yake, hatamjua. Kwa hivyo msanii wa namna hii anapofariki, anayemlilia huililia kazi kwanza, kisha ndipo huanza kumtafuta mtu: jina lake, picha yake, umri wake, maradhi yaliyomuua. Mara nyingi shabiki humjua msanii wake siku ile ile ya tanzia.

Katika Mombasa bara, yaani Likoni upande wa kusini wa kisiwa, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, msiba huo hukutana na desturi nzito ya maziko. Tanzia ya Pwani haikawii, na jirani asiyefika huulizwa yuko wapi. Kila aliyefika ana la kufanya: kuna wanaochimba kaburi, wanaoosha maiti, wanaobeba jeneza, wanaopika, wanaokusanya mchango. Kwa Waislamu maziko huwa siku hiyo hiyo ikiwezekana, hufuata siku tatu za matanga na hitma, na wengine huweka arubaini. Kwa Wakristo kuna mikutano ya maandalizi, mkesha, na mara nyingi safari ya kumpeleka marehemu kwao Kilifi, Kwale, Taita au mbali zaidi. Huzuni hapa hutolewa kwa mikono na miguu. Shabiki wa msanii aliyefia Japani au Marekani hana kaburi la kuchimba wala jeneza la kutia bega, na mengi anayoyafanya siku ya msiba ni jitihada ya kujitafutia kazi ya kufanya.

Sauti zisizo na sura zilianza kuingia katika nyumba za bara kwa redio, na msiba unaoeleza jambo hili vizuri kuliko mwingine wowote ni wa mtangazaji aliyezaliwa huku huku. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa mwaka 1940 Freretown, katika Kisauni ya zamani ambayo sehemu yake sasa ni Nyali. Freretown ni kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele yake ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Mbotela alitoka katika ukoo wa watu hao. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi Afrika Mashariki.

Mwana alichukua njia ya sauti. Alitangaza mpira katika Sauti ya Kenya, ambayo sasa ni KBC, enzi ambazo mchezo ulisikika na wengi kabla ya kuonekana na wachache. Mwaka 1966 alianza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, alichokiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi walimchukua Mbotela kwa nguvu na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imeanguka. Waasi walikuwa na bunduki na walikuwa na stesheni, lakini walijua kwamba wananchi wangeamini habari hiyo ikiwa tu itasemwa na mtu ambaye tayari wanaisadiki sauti yake. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa nguvu ya msanii wa sauti nchini Kenya.

Mbotela alifariki dunia Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025, akiwa na miaka 84. Rambirambi zilitoka kwa Rais William Ruto hadi kwa wasikilizaji wa kawaida, na watu wengi hawakueleza wasifu wake bali walirudia swali lake: Je, huu ni ungwana? Swali la kipindi hicho lilikuwa limeshatoka redioni zamani na kuingia matatuni, sokoni na kwenye foleni ya feri, likiulizwa kwa anayetupa taka dirishani au anayemruka mzee aliyetangulia. Kulirudia siku ya msiba kulikuwa ndiyo kazi ambayo msikilizaji aliweza kuifanya bila kufika matangani. Kanda za matangazo yake ya mpira nazo zilitumwa kutoka simu hadi simu, na baadhi ya vijana waliozaliwa baada ya 1982 wakamsikia kwa mara ya kwanza akitangaza mpira, mwenyewe akiwa ameshafariki.

Kati ya mtangazaji na mtia sauti wa katuni yupo mwigizaji ambaye sauti yake ni umbo jingine kabisa. Benson Wanjau, aliyejulikana kote Kenya kwa jina la Mzee Ojwang, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo katika vipindi vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Lafudhi hiyo ilimkaa kiasi kwamba watazamaji wengi walimdhania Mjaluo. Alipofariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, kwa wengi taarifa ya msiba ndiyo iliyowafichulia jina lake halisi. Alikuwa amewahi kusumbuliwa na macho, na Wakenya walichangia matibabu yake. Mchango huo, uliotoka kwa watu waliomjua kupitia kioo tu, ulikuwa aina ya ujirani.

Kwa Likoni, ambako barabara ya Lunga Lunga huanzia safari yake ya kuelekea Tanga, msiba wa karibu zaidi ulikuwa wa mchekeshaji wa Tanzania Mzee Majuto, jina lake halisi Amri Athumani. Alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 na kuzikwa kwao Tanga. Vichekesho vyake vilikuwa vimeuzwa na kuazimwa Pwani ya Kenya kwa miaka mingi, na Kiswahili chake cha Tanga hakikuhitaji mkalimani Mombasa. Mpaka wa nchi mbili haukuwa na maana yoyote katika kilio hicho.

Vibanda vya video navyo vina historia yake ya sauti. Kule Dar es Salaam, Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina kwa kuzisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wenyewe. Kenya ina DJ Afro, msimulizi wa namna hiyo hiyo, na katika vibanda vya mitaa ya bara kama Chaani, Magongo na Mtopanga sinema isiyo na sauti yake huonwa na baadhi ya wateja kuwa haijakamilika. Watia sauti hawa wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa wasanii wakubwa wa Kiswahili, maana huunda mazungumzo mapya papo hapo na kumpa shujaa wa Hong Kong au Mumbai utani wa mtaani. Mashabiki wao wengi hawana picha yao, wana sauti tu.

Upande wa kalamu, vifo vya wachoraji hupita kimya zaidi, na hilo ni dhuluma. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi yake kubwa Nairobi na kuumba katuni za Golgoti na Akokhan, alifariki katika ajali ya barabarani Nairobi mwezi Aprili 2012. Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyechora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya masonite, aliuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972, alipodhaniwa kuwa mhalifu anayekimbia. Mwaka 2010 mtindo wake ukawa katuni ya televisheni, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, na muziki wake ukatungwa na Eric Wainaina. Watoto waliocheka na kima na kobe wa kipindi hicho walikuwa wakitazama urithi wa mtu aliyefariki miaka 38 kabla, na wengi wao hawakuwa na njia ya kujua kwamba Tingatinga lilikuwa jina la mtu.

Katuni za kigeni zilifika bara kwa njia zaidi ya moja. Zipo zilizokuja kwa stesheni za Nairobi, zipo zilizokuja kwa madishi yanayopokea stesheni za Kiarabu, na zipo zinazowekwa kwenye flashi katika maduka ya muvi. Jamaa za Wamombasa waliolelewa Muscat na Dubai walikua na Grendizer, katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiarabu Lebanon. Sammy Clark, aliyeimba wimbo wake wa Kiarabu, alipofariki Februari 2022, waliomlilia walikuwa watu wazima wenye watoto wao.

The Lion King ya mwaka 1994 ina nafasi ya peke yake, kwa kuwa Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi ni majina ambayo mtoto wa Kisauni huyaelewa bila kufundishwa. Madge Sinclair, sauti ya Sarabi, alifariki Desemba 1995, mwaka mmoja na nusu tu baada ya filamu kutoka. Robert Guillaume, sauti ya Rafiki, alifariki Oktoba 2017. James Earl Jones, sauti ya Mufasa, alifariki tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Jones alikuwa na kigugumizi utotoni, akakaa miaka kadhaa karibu bila kusema. Msiba wake ulikuwa na uchungu wa aina yake kwa sababu kifo cha Mufasa ndicho kifo cha kwanza ambacho watoto wengi walikishuhudia katika sinema, na sasa mwenye sauti alikuwa amefuata.

Hakuna kifo cha mchoraji kilichotikisa vijana wa kizazi hiki kama cha Akira Toriyama wa Japani, aliyeanza kuchora Dragon Ball mwaka 1984. Alifariki tarehe 1 Machi 2024, akiwa na miaka 68, kwa damu iliyovuja na kuugandamiza ubongo. Taarifa ilitolewa tarehe 8 Machi, siku saba baadaye, ikieleza kwamba maziko yalikwisha kufanywa na familia na jamaa wachache, na kuomba watu wasipeleke maua, rambirambi za fedha wala kuzuru nyumbani. Kwa Japani hiyo ni heshima ya kawaida. Kwa mtu aliyelelewa Mishomoroni au Bombolulu, ambako mlango wa nyumba yenye msiba haufungwi, ni jambo gumu kulimeza: msiba uliotangazwa matanga yakiwa yamekwisha, na waombolezaji wakaombwa wasije.

Dunia ilitafuta pa kuipeleka huzuni hiyo. Buenos Aires, mashabiki walikusanyika kwenye mnara wa Obelisco na kuinua mikono kama Goku anavyoomba nguvu kutoka kwa viumbe wote. Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alituma salamu zake hadharani, na hata Wizara ya Mambo ya Nje ya China ikatoa rambirambi. Mombasa bara haikuwa na mnara wa kukusanyikia. Kwa shabiki wa hapa njia iliyo wazi ni ya simu na ya mkono: picha kwenye steti ya WhatsApp, mchoro wa penseli katika daftari la shule. Anayemchora Goku upya hujifunza, mstari kwa mstari, jinsi Toriyama alivyokuwa akifikiri. Kuna maombolezo machache yenye bidii kama hayo.

Mchango nao umevuka bahari. Studio ya Kyoto Animation ilipochomwa moto tarehe 18 Julai 2019 na watu 36 wakafariki, wengi wao wakiwa wafanyakazi vijana, mashabiki wa nchi mbalimbali na makampuni walichanga zaidi ya yeni bilioni 3. Rachael Lillis, sauti ya Misty katika Pokémon kwa Kiingereza, alipougua saratani, dada yake alifungua mchango mtandaoni. Lillis alifariki Agosti 2024. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa maana ya tendo hilo, kwani kuchangia mgonjwa na maziko ni sehemu ya maisha yake ya kila mwezi.

Jambo jipya katika misiba hii ni kwamba sauti sasa inaweza kuendelea kufanya kazi bila mwenyewe. Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba James Earl Jones alikuwa ameridhia kanda zake za zamani zitumiwe na kampuni ya Respeecher ya Ukraine kuunda upya kwa kompyuta sauti aliyompa Darth Vader, mhusika wa filamu za Star Wars. Mwaka 2025, yeye akiwa ameshafariki, sauti ya Vader iliyoundwa kwa kompyuta ilitumiwa katika mchezo wa Fortnite, na chama cha waigizaji wa Marekani kikalalamika. Kwa wachoraji wa Kenya sheria iko wazi zaidi: hakimiliki ya mchoro hudumu hadi mwisho wa mwaka wa 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. Golgoti na Akokhan, kwa hesabu hiyo, zitaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2062.