Simu Zikiingiliana, Nani wa Kulaumiwa?

Umewahi kupiga simu ofisini ukasikia kwa mbali watu wengine wakizungumza, kama redio ya jirani? Shangazi yangu hupokea simu katika ofisi moja mjini, nayo hali hiyo nusura imfukuzishe kazi. Mteja mmoja alisikia mwenzake akisomewa deni lake, akalitangaza mtaani. Mwenye deni alipokuja juu, ati mpayukaji akawa ni shangazi!

Ili tuelewe, tuanze na simu za zamani. Humo sauti husafiri kama umeme katika jozi ya nyaya za shaba. Jozi mbili zikilala sambamba mwendo mrefu, umeme wa moja huamsha umeme kidogo katika nyingine, sauti ikavuka. Mwaka wa 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota pamoja nyaya mbili za kila jozi ili kupunguza jambo hilo.

Simu za intaneti, kama zile za ofisini kwa shangazi, ni nyingine kabisa. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, ikatiwa katika pakiti ndogondogo, kwa kawaida 50 kila sekunde. Kila pakiti ina anwani yake, mithili ya barua. Umeme wa waya jirani waweza kuiharibu pakiti, nayo ikatupwa na sauti ikakatikakatika. Lakini hauwezi kuyageuza maneno yako yawe yangu. Basi sauti ya mtu mwingine inapitia wapi? Fanya hivi:

Kwanza, jiulize sauti ni ya nani. Ikiwa mpigaji anamsikia karani wa meza ya pili, yamkini kipaza sauti chako tu ndicho kinachomnasa. Kipunguze nguvu. Na mpigaji akisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, huo ni mwangwi. Jaribu kubadilisha mkono wa simu na waya wake.

Pili, piga simu ya ndani kwa ndani, meza hadi meza. Ikiwa hiyo ni safi lakini za nje ni chafu, chunguza pale mfumo unapoungana na laini za zamani za shaba. Nyaya zilizolowa maji, au zilizosokotolewa kupita kiasi kwenye maungio, huvujisha sauti.

Tatu, ukimsikia mgeni waziwazi kama anayezungumza nawe, huenda pakiti zimepotea njia. Labda simu mbili zimepewa anwani moja, au ruta inachanganya. Kila simu ipewe anwani yake.

Kila mara andika saa na namba iliyopigwa, maana fundi hawezi kutibu ugonjwa asioelezwa.

Kwa shangazi, kosa lilikuwa la pili: nyaya za shaba zilizolowa ukutani. Kumbe tangu mwanzo wafanyakazi walikuwa wakisikia minong'ono wakanyamaza! Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na siri ya mteja si jambo la mchezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shangazi aliombwa radhi. Lakini deni la yule mteja lilikuwa limekwisha kujulikana mtaa mzima, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hivyo msomaji, kabla hujamwita mtu mmbeya, kagua waya kwanza.