Gofu ya diski: Karibia kikapu kwa kipimo, si kwa nguvu



Huenda umewahi kuona vijana kwenye uwanja wakirusha sahani za plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo kilichosimamishwa juu ya mlingoti. Mchezo huo unaitwa gofu ya diski. Sheria yake kuu ni rahisi: unaanzia mahali palipowekwa alama, unarusha diski kuelekea kikapu, unaifuata ilipotua, na unarusha tena kutoka hapo hadi iingie. Anayemaliza vikapu vyote kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Uwanja kamili huwa na vikapu 9 au 18.

Mchezo huu ulikulia Marekani. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulijengwa Oak Grove, California, mwaka 1975 na Ed Headrick, ambaye pia alibuni kikapu cha minyororo. Kazi ya minyororo ni kupunguza kasi ya diski ili idondoke ndani ya kikapu badala ya kudunda na kurudi nje. Kabla ya hapo wachezaji walilenga miti na nguzo. Kwa hivyo mkaazi asiye na kikapu hajazuiwa kujifunza. Ndoo kuukuu au tairi lililofungwa kwenye mlingoti linatosha kwa mazoezi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la michezo, bustani za umma na viwanja vya burudani. Viwanja hivyo ni vyetu sote. Makala haya yanaeleza mrusho mmoja ambao ukiujua vizuri utacheza vyema zaidi, na wanaotumia uwanja pamoja nawe watakuwa salama. Ni mrusho wa kukaribia kikapu.

KWA NINI MRUSHO HUU

Mrusho wa kwanza huwa wa mbali, na wa mwisho huwa wa kutia kikapuni. Katikati kuna mrusho wa kukaribia, mara nyingi wa mita 20 hadi 60. Wengi hawaufanyii mazoezi. Kijana hutumia jioni nzima akijaribu kuirusha diski mbali kuliko mwenzake, kisha anapoteza mchezo akiwa karibu na kikapu.

Chukua mfano wa kikapu kilicho umbali wa mita 80. Wachezaji wawili wanarusha mita 55 kila mmoja, na wote wamebakiwa na mita 25. Wa kwanza anataka kuingiza hapo hapo. Anarusha kwa nguvu, diski inapita kikapu na kutua mita 15 upande wa pili. Kutoka hapo anahitaji mirusho miwili, na anamaliza kwa 4. Wa pili anaiweka diski mita 3 kutoka kikapuni, kisha anaitia bila wasiwasi. Anamaliza kwa 3. Ukiokoa mrusho mmoja kwa kila vikapu vitatu, kwenye uwanja wa vikapu 18 umeokoa mirusho 6.

Ndiyo maana lengo la mrusho wa kukaribia si kuingiza. Lengo ni kuiacha diski mahali ambapo mrusho unaofuata hauwezi kukushinda. Ikiingia, hiyo ni bahati njema.

CHAGUA MAHALI PA KUTUA

Kabla ya kushika diski, tazama kikapu na ujiulize: nikikosea, ni upande gani utakaonigharimu kidogo? Ikiwa kushoto kuna mtaro na kulia kuna nyasi, usilenge katikati ya kikapu. Lenga mita 2 au 3 kulia kwake. Ukikosea kidogo kuelekea kushoto, utakuwa umekaribia kikapu. Ukikosea kuelekea kulia, bado uko kwenye nyasi.

Kikapu kikiwa kwenye mteremko, jaribu kuiacha diski upande wa chini. Ukirusha ukielekea juu na ukose, mlima ulio nyuma ya kikapu unaizuia diski. Ukirusha ukielekea chini na ukose, diski inaweza kutua kwa ukingo na kubingirika mbali sana.

Kisha chagua alama ndogo ya kutazama, kama kichaka, jiwe au bamba la nyasi kavu. Macho yakikosa mahali pa kutulia, mkono nao hukosa mwelekeo.

CHAGUA DISKI INAYOFAA

Diski za mchezo huu hazifanani. Zile za masafa marefu zina ukingo mwembamba na mkali. Zinahitaji kasi kubwa, na zikirushwa polepole hukunja kwa ghafla na kuteleza zikigusa ardhi. Zile za karibu zina ukingo mnene wa mviringo. Huruka polepole, hunyooka, na zikitua hazisogei sana. Kwa mrusho wa kukaribia wa chini ya mita 40, diski ya ukingo mnene ndiyo rafiki yako. Ukiweza kununua diski moja tu ya kuanzia, nunua hiyo.

Jua pia diski inakokunja. Kwa anayetumia mkono wa kulia na kurusha kutoka kifuani kwenda nje, diski huzunguka kama mishale ya saa na mwishoni, kasi ikipungua, hukunja kushoto. Akirusha kutoka ubavuni, kiganja kikitazama juu, huzunguka kinyume na mwishoni hukunja kulia. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, mambo hugeuka. Ukijua hilo, tumia mrusho ambao mkunjo wake unaelekea upande ulio salama.

SIMAMA, SHIKA, RUSHA

Kwa umbali mfupi huhitaji kukimbia kabla ya kurusha. Kila hatua ya ziada ni nafasi ya ziada ya kukosea.

Simama bega la mkono unaorusha likielekea unakolenga, miguu ikiwa na nafasi sawa na upana wa mabega, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Kanuni zinataka sehemu ya mguu wako iwe nyuma kabisa ya alama ya mahali diski ilipotua, ndani ya eneo la upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30, wakati unapoachia. Ukiwa ndani ya mita 10 za kikapu, ni lazima pia utulie baada ya kurusha kabla ya kuvuka alama hiyo.

Weka kidole gumba juu ya diski, na vidole vingine chini yake. Tandaza kidole kimoja au viwili kuelekea katikati ili uhisi uzito wake. Shika kwa uthabiti, lakini usiikabe. Ukikaza sana, kifundo cha mkono hushindwa kufanya kazi.

Vuta diski kwenye mstari mmoja ulionyooka mbele ya kifua, uzito wa mwili ukitoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kisha uiachie na uuache mkono uendelee kuelekea unakolenga. Inamisha kidogo ukingo wa nje kuelekea chini. Diski iliyoinama hivyo hutua kwa upole na kusimama mapema.

Hapa ndipo wengi hukosea: wakitaka kupunguza umbali, huanza kwa kasi kisha huupunguza mkono katikati. Diski inakosa mzunguko, inayumbayumba na kuanguka popote. Njia sahihi ni kufupisha unavyorudisha mkono nyuma. Kwa mita 20, anzia diski ikiwa mbele ya kifua. Kwa mita 30, ifikishe kwenye bega la pili. Kwa mita 40, nyoosha mkono nyuma zaidi. Mwendo wa mkono na mpigo wa kifundo vibaki vilevile. Kinachobadilika ni urefu wa safari ya mkono.

UPEPO, MVUA NA MWINUKO

Upepo unaokuja usoni huinua diski na kuipeperusha. Usiongeze nguvu. Rusha chini zaidi, ukingo wa mbele usiinuke. Upepo unaotoka nyuma huishusha diski mapema, kwa hivyo ipe kimo kidogo zaidi.

Mvua ikinyesha, beba kitambaa kikavu na ufute diski na mkono kabla ya kila mrusho. Wakati wa kiangazi ardhi ikiwa ngumu, diski huteleza baada ya kugusa chini. Ilenge itue mita chache kabla ya kikapu.

Mwinuko nao una athari. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwenye hewa nyepesi diski huinuliwa kidogo tu, hivyo huanguka mapema na kukunja zaidi mwishoni. Ukisafiri kwenda kucheza kaunti nyingine, jipe mirusho kadhaa ya kuzoea.

ZOEZI LA NUSU SAA

Huhitaji mkufunzi wala uwanja maalum. Unahitaji mlingoti, diski mbili au tatu, na daftari.

1. Kutoka kwenye mlingoti, pima kwa hatua ndefu mita 20, 30 na 40. Weka jiwe kila mahali.

2. Chora duara la hatua 5 kuzunguka mlingoti kwa majivu, au lizungushie vijiti.

3. Rusha mara 10 kutoka kila jiwe. Hesabu tu diski zilizosimama ndani ya duara, si zilizogonga mlingoti.

4. Andika idadi hiyo, pamoja na upande ambao nyingi zilikosea.

5. Usisogee nyuma hadi 7 kati ya 10 zibaki ndani ya duara. Ukifika hapo kwa umbali wote, punguza duara liwe la hatua 3.

Daftari litakuonyesha kosa lako. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia kutoka kifuani, zikienda kulia mara kwa mara, unachelewa kuachia. Zikienda kushoto tangu mwanzo, unaachia mapema. Zikipanda juu kisha zikaanguka kabla ya kufika ulikolenga, ukingo wa mbele unainuka. Zikiyumbayumba, umelegeza mkono au umeupunguza katikati. Rekebisha kosa moja kwa siku moja.

UWANJA NI WA WOTE

Diski nyingi zina uzito wa kati ya gramu 150 na 180, na ukingo wake ni mgumu. Ikimgonga mtoto usoni, inaweza kumjeruhi vibaya. Jioni hiyo hiyo unayocheza, wanafunzi wanakatiza uwanja wakirudi nyumbani, na wazee wanapumzika kivulini. Wao hawajui sheria za mchezo wako, na hawana wajibu wa kuzijua.

Kwa hivyo:

• Usirushe ikiwa kuna mtu mahali diski inapoweza kufika, pamoja na pale inapoweza kufika ukikosea. Msubiri apite.

• Ukiona diski inaelekea kwa mtu, piga kelele mara moja: "Diski! Angalia!"

• Kwenye kona au nyuma ya kichaka, mtume mwenzako mbele atazame kwanza.

• Usitumie mti kama shabaha ya mazoezi. Maganda yakichubuka kila siku, mti huumia.

• Ukitaka kusimamisha vikapu au kuandaa mashindano kwenye uwanja wa umma, zungumza kwanza na ofisi ya msimamizi wa wadi yako, ili ratiba isigongane na ya timu nyingine.

Mchezaji anayejua kuipima diski yake anajua itakapotua, na anajua wakati wa kuishika mkononi na kusubiri. Ustadi huo haupatikani kwa misuli, bali kwa mirusho 30 kwa jioni na daftari la uaminifu. Kijana anaweza kuupata, mama aliyestaafu anaweza, na mtoto wa darasa la nne anaweza pia. Jioni ya leo anza na jiwe la mita 20. Lile la mita 40 litakungoja.