Si kila maumivu ya kifua ni ya moyo

Wandugu, mwaka uliopita baba mdogo alikuwa mezani anakula, mara akashika kifua na kulia kwa sauti. Alisema ni kama mtu anamupasua na kisu, toka kifua mpaka mgongo. Mu hopitali ya kwanza waliwaza ni vidonda vya tumbo, wakamupa dawa. Mu ya pili wakawaza moyo. Wakati skana ilionyesha ukweli, saa tisa zilikuwa zimepita. Alikufa usiku ule.

Tangu pale nilianza kusoma juu ya ugonjwa huu. Aorta ndio mshipa mkubwa unaotoka ku moyo na kushuka mpaka tumboni. Ukuta wake uko na tabaka tatu. Tabaka la ndani likichanika, damu inajipenyeza katikati na kuzitenganisha, sawa maji yanavyoingia chini ya rangi ya ukuta. Damu hiyo inaweza kufinya njia za kwenda ku ubongo, figo ao miguu. Ndiyo maana mmoja anafika amepooza upande, mwingine na mguu baridi, mwingine na tansio tofauti ku mkono wa kuume na wa kushoto. Kupima mikono yote miwili haiombi mashine ya bei kali! Na kukosea ni hatari: dawa za kuyeyusha damu, zinazosaidia moyo ulioziba, hapa zinaweza kuua.

Mpasuko ukiwa karibu na moyo, damu inaweza kujaa mufuko unaozunguka moyo. Hivyo ndivyo alikufa mfalme George wa Pili wa Uingereza, mwaka 1760. Leo dawa yake ni operesheni ya haraka. Michael DeBakey, munganga wa Marekani aliyefungua njia ya operesheni hiyo, ilimushika yeye mwenyewe mwishoni mwa 2005, akiwa na miaka 97. Hata yeye kwanza aliwaza ni moyo unasimama. Walimupasua, akaishi mpaka 2008.

Sababu kubwa ni tansio ya juu. Baba mdogo alikuwa nayo, lakini aliacha vidonge juu alijisikia muzima. Kisha mazishi tulipima watoto wake wote. Wa kwanza, aliyemaliza chuo juzi tu, alikuwa na 16 juu ya 10. Ana miaka 26, na hakuna kitu kilikuwa kinamuuma.