Nani Hulipa Gharama Baada ya Rufaa?

Kesi za mirathi huzungumzwa sana majumbani mwetu, lakini suala la gharama hunyamaziwa mpaka siku ya hukumu. Tumtwae kwa mfano mjane wa mji wa Kitui. Kadhi amempa thumni yake katika mali ya marehemu mumewe. Mashemeji hawakuridhika, wamekata rufaa Mahakama Kuu ya papo hapo Kitui, naye ameambiwa barazani kwamba akishindwa atauziwa hata kitanda. Kwa hofu hiyo yuko tayari kuiacha haki yake. Wa Wote, kule Makueni, naye huambiwa hayo hayo.

Hofu hii ina asili, ila imetiwa chumvi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaiachia mahakama hiari ya kuamua nani atalipa, kiasi gani, na kutoka katika mali ipi. Kanuni ni kuwa gharama hufuata matokeo: aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, isipokuwa jaji aone sababu njema ya kuamuru vinginevyo. Hiari hiyo si matakwa ya nafsi. Jaji sharti awe na sababu. Mwaka 2014, katika shauri la jamaa wa ukoo wa Rai, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa gharama hazikuwekwa kumwadhibu aliyeshindwa, bali kumfidia mshindi kwa taabu aliyoipata. Na katika kesi ya uchaguzi wa urais ya 2013, mahakama hiyo hiyo iliamuru kila upande ubebe gharama zake.

Katika ugomvi wa ndugu, majaji wengi huelekea huko huko, wasije wakaongeza uhasama juu ya msiba. Lakini mjane asilifanye hilo kuwa dhamana. Jaji hutazama pia mwenendo: nani alikataa suluhu, nani aliahirisha kesi ovyo. Rufaa ikifaulu nusu tu, gharama huweza kugawanywa. Na ikiamriwa zitoke katika mali ya marehemu, ndipo pana hatari ambayo wengi hawaioni, kwani hapo hupungua fungu la kila mrithi, mayatima wakiwemo.

Mjane aliyekatiwa rufaa na watu wanaotaka kumchosha tu ana mlango mwingine: aweza kuiomba mahakama iwaamuru waweke dhamana ya gharama kabla ya kusikilizwa. Aelewe pia kwamba kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Sharti iombwe amri ya kuusimamisha.

Akishinda, asitarajie kurudishiwa kila shilingi aliyompa wakili. Gharama anazodaiwa mpinzani hukadiriwa kwa viwango vilivyowekwa kisheria, na mara nyingi huwa pungufu ya makubaliano yake na wakili wake. Kwa hiyo makubaliano hayo na yaandikwe tangu mwanzo, wala asione haya kuuliza.

Wakili huwasilisha orodha ya gharama kwa Naibu Msajili, naye huipitia kipengele kwa kipengele na kukata kilichozidi. Asiyeridhika, awe mdai au mdaiwa, ana siku 14 za kutoa taarifa ya pingamizi kwa maandishi, akitaja vipengele anavyovipinga. Baada ya hapo ndipo jambo hufika mbele ya jaji.